Slaidi Namba Kumi na Nne

Ndinda,

Mimi Musyoka ndiye mtu peke yake, kuanzia Kibwezi mpaka Matinyani, aliyewahi kumzaba kifaru kofi na kifaru akaondoka na aibu. Usicheke. Nilikuwa na miaka kumi na minne, natafuta mbuzi waliopotea ng'ambo ya reli, nikamkuta amesimama katikati ya njia kama mwenye shamba. Nikamwambia pisha. Hakupisha. Nikampa moja ya shavu, pa! Akanitazama, akapima anashindana na nani, akageuza mgongo. Wale wanaosema alikuwa ni fahali wa mchungaji aliyegaagaa matopeni ni watu wa wivu, na wawili kati yao niliwang'oa meno.

Hiyo unaijua. Umeisikia mara mia, na kila mara kifaru anaongezeka kimo. Ndivyo nilivyokulea, kwa ngumi na hadithi. Unaniita Baba, ingawa kila mtu hapa anajua mimi ni mjomba wako, mdogo wake mama yako Mwende, na kwamba baba yako wa kukuzaa alikwenda Mombasa kutafuta kazi akaitafuta mpaka leo.

Sasa umeenda kanisani na Susu, nyanya yako, mkaombewe safari. Nimebaki mimi, kuku, na hii kalamu. Mambo ya sweta, mafuta ya kujipaka, Biblia na wavulana, Susu ameshakuagiza, kwa mpango huohuo. Mimi sina agizo. Nina hadithi moja niliyokusimulia vibaya maisha yako yote, na nataka kuinyoosha kabla hujapanda basi.

Ni ile ya Kilonzo.

Unamjua Kilonzo, yule mwenye mguu uliopinda, anayeziba pancha pale steji ya mabasi ya Makindu. Umekua ukijua kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yako. Alikuwa dereva wa gari la hospitali, mama yako akaugua homa ya mafua, Kilonzo akakataa kupanda kilimani kumchukua kwa sababu mimi nilikuwa nimemvunja pua wiki hiyo. Mama yako akafa. Watu wa soko wakamvunja mguu. Hadithi imekwisha, twende tukale. Nilikukataza kumsalimia. Ulipokuwa darasa la tatu ulimtupia jiwe likamfikia sikioni, ukaja mbio kuniambia, nami nikakununulia soda.

Lakini sasa unakwenda chuoni kufundishwa kazi ya maabara. Watakuonyesha damu. Watakuonyesha chembe nyeupe na watakwambia zinavyofanya mtu akishikwa na homa ya kifua, na haitapita miezi mingi kabla hujajiuliza: kama Mjomba Musyoka alikuwa akifanya kazi mle mle maabara, damu ya mama yangu ilisomwa na nani? Wewe una kichwa. Hukukipata kwangu. Kwa hiyo nimeona afadhali uyasikie kwangu, hata kama utaniita jina lingine baada ya leo.

Tuanze na mimi, maana ni mtu ninayempenda sana.

Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu alinichapa fimbo kumi, mimi nikamrudishia moja tu, lakini ilikuwa ya kiti. Akalala. Mimi nikatoka kwa dirisha. Baada ya hapo nikawa mtu wa soko la Makindu, kubeba magunia na kupigana, na kama hakuna wa kupigana naye, kumtafuta. Nilipigana na makuli, na wachinjaji, na kondakta mmoja wa basi la pwani aliyeniita mbilikimo. Siku moja mchinjaji akanichoma kisu hapa mbavuni, kovu umeliona. Nikapelekwa hospitali ya misheni nikiwa nimeshika nyama yangu mkononi. Nikashonwa, nikapona, nikakataa kuondoka. Uji wao ulikuwa mtamu.

Mkubwa wa maabara pale alikuwa Mzee Athumani. Mwislamu wa Kitui mjini, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata ukitukanwa nacho unataka kusema asante. Alinikuta nimekaa kwa ngazi ya hospitali.

"Kijana, wewe ndiye uliyechomwa kisu?"

"Mimi ndiye. Lakini ungemwona yule mwingine."

"Nimemwona. Hana hata mkwaruzo." Akanitazama mikono. "Mikono hii ya kuvunja watu, hebu tuione kama yaweza kushika kioo bila kukivunja."

Basi nikawa mwosha slaidi. Miezi sita naosha vioo tu. Halafu siku moja akaniketisha mbele ya hadubini, na hapo, mwanangu, nikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Kazi yenyewe utaijua vizuri kunipita, ila nikuambie sisi tulivyoifanya. Unapaka tone la damu kwenye kioo, unalitia rangi, unaangalia. Chembe nyekundu ni nyingi kama mchanga wa mto, hizo unazipita. Unatafuta nyeupe. Kila nyeupe unayokutana nayo unaitambua ni ya ukoo gani, na unaiandika, mpaka zifike mia. Kulikuwa na mashine ndogo ya kuhesabia, ya kubonyeza, ikavunjika, na nani alikuwa na mpya? Mzee Athumani akaleta mikebe minne na punje kutoka jikoni kwa mkewe. Mahindi ni ya wale ambao kiini chao kimekatikakatika, askari wa kwanza kufika kwenye fujo. Maharagwe ni ya wale wa kiini cha mviringo kilichojaza chembe nzima; hao ndio wanaowajua maadui kwa sura, wanaokumbuka. Mbaazi ni za wale wakubwa wanaokula mizoga. Ndengu ni za wale wekundu wa watu wenye minyoo. Jicho halitoki kwenye lenzi. Mkono peke yake unachukua punje na kuitupa mkebeni, tik. Majina yao ya vitabuni ni marefu kama gari moshi la mizigo. Nayajua yote, ila sitaki kukutia hofu mapema.

"Mia, Musyoka," Mzee Athumani alikuwa akisema. "Tisini na tisa ni uvivu, mia na moja ni kiburi."

Hadubini yetu ilikuwa ya jicho moja. Akanifundisha kuhesabu kwa zamu, jicho la kulia likichoka unahamia la kushoto. Nilikuwa hodari, wacha nikwambie. Nilikuwa hodari kuliko wenye vyeti. Daktari mwenyewe alisema mkono wangu una macho.

Halafu ile homa ikaja.

Ilikuja na kiangazi, na wasafiri wa barabara ya Mombasa, wewe ukiwa na miezi saba. Mafua kila mtu anayajua, unapenga kamasi wiki moja inapita. Haya yalikuwa mafua ya kupiga watu. Mtu anaamka mzima, saa sita mgongo umetwangwa kama mahindi kinuni, jioni hajui jina la mkewe. Walikuja na mikokoteni, wakaja migongoni, wakalala uani mpaka kwenye mabomba ya maji. Tulikuwa na vitanda kumi na viwili na mitungi miwili ya oksijeni.

Kilichonishangaza ni nani alikufa. Mzee mmoja aliyeuza ugoro, amekonda kama ufito, alikohoa siku tano akarudi kuuza ugoro. Lakini kulikuwa na kuli mmoja, shingo kama ya ng'ombe, niliwahi kupigana naye na nusura anishinde. Siku ya kwanza alitembea kwa miguu yake. Siku ya nne alikuwa anazama kitandani, Ndinda, anazama mahali pakavu. Midomo bluu, macho yametoka, povu la pinki linatoka puani na mdomoni, anararua shuka kwa kucha akitafuta hewa. Alimpiga muuguzi teke akaanguka. Tulimshika watu wanne. Alikufa tukiwa tumemshika, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kichwa.

Nikamwendea Mzee Athumani.

"Mzee, yule mtu alikuwa na nguvu kunishinda."

"Kukushinda wewe? Leo umekiri."

"Karibu kunishinda. Sasa aliuawa na nini? Kidudu ambacho hata hadubini haikioni?"

Akaweka miwani mezani. "Hebu nikumbushe ile habari yenu ya mwizi wa mbuzi."

Alikuwa akiijua, nilijisifu nayo kila siku. Siku ya soko tulimfukuza mwizi wa mbuzi akaingia nyumba ya mjane mmoja. Tukaivamia, watu arobaini, nyumba ya vyumba viwili. Tukaingia kwa mlango, kwa dirisha, wengine kwa ukuta. Vumbi likajaa, hakuna anayeona, kila mtu anapiga kinachosogea. Mimi niling'olewa meno mawili na sijui na nani mpaka leo. Boriti ikaanguka, ukuta ukafuata, yule mjane akavunjika nyonga humo ndani tukimkanyaga. Tulipiga saa nzima. Mwizi alikuwa ametoka kwa dirisha la nyuma jiwe la kwanza liliporushwa. Wakati ule alikuwa ameshavuka mto.

"Mapafu ni nyumba ya yule mjane," Mzee Athumani akasema. "Kirusi kinaingia, kinaharibu, ndiyo. Lakini mara nyingi kinachommaliza mtu ni wale arobaini."

Akanionyesha slaidi mbili. Ya muuza ugoro, maharagwe thelathini na kitu, wametulia. Ya yule kuli, iliyochukuliwa siku aliyoingia kwa miguu, maharagwe saba. Mahindi yamefurika, tena mengine mabichi, askari watoto ambao hawajakomaa, wamesombwa kutoka kwenye uboho wa mifupa kwenda vitani. "Hawa wa mviringo wamekwenda wapi?" nikauliza. "Wengine wameitwa mapafuni. Wengine wamekufa. Kwenye damu hubaki mkebe mtupu. Ukiona mkebe wa maharagwe ni mtupu, jua ndani nyumba inabomolewa, hata kama mwenyewe bado anacheka na kuomba chai."

Hilo ndilo nililolijua mimi, mtu wa darasa la sita, na ndilo Daktari alilolitumia. Daktari alikuwa mama mmoja mkali wa Machakos, hakuwa na vitanda vya kugawa ovyo, akatoa sheria. Maharagwe chini ya kumi na tano, mgonjwa analazwa, anakaa karibu na mtungi, anaangaliwa usiku na mchana, na wengine anawapa dawa ya kuwatuliza hao askari, kwa kubahatisha. Maharagwe juu ya hapo, apewe dawa ya homa, anywe maji, aende nyumbani. Sheria haikuwa ya Mungu. Kuna wa maharagwe matano waliopona na wa ishirini waliokufa. Lakini ilisaidia kuliko kukisia, na ilipita mkononi mwangu.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi. Foleni ilikuwa imezunguka hospitali. Mzee Athumani alikaa kwa dirisha la mbele akitoboa watu vidole na kupaka slaidi, anaandika namba kwa penseli pembeni mwa kioo, ananipitishia. Mimi nyuma na hadubini na mikebe. Sioni mtu, naona namba. Nilikuwa kwenye namba kumi na nne Kilonzo alipoweka kichwa chake kikubwa kwa mlango wa nyuma.

Kilonzo alikuwa mtu wa mzaha, hata leo. Alikuwa ametoka safari ya tatu siku hiyo, shati limelowa. Nyuma yake wasichana wa jikoni wanacheka.

"We mpishi!" akaniita. "Githeri itaiva saa ngapi? Watu wana njaa."

"Ondoka, Kilonzo."

"Unachagua maharagwe vizuri, bwana. Nikuletee leso ujifunge kiunoni? Mume wako anakula na chumvi ama bila?"

Wasichana wakaanguka kwa kicheko. Ningeweza kuendelea kuhesabu. Nimefikiria hilo miaka kumi na saba, kwamba mtu anaweza kuchekwa na aendelee kuhesabu. Nikasimama.

Pigano lenyewe nilikusimulia vizuri, hapo sikudanganya sana. Nilimkuta kwa tangi la maji. Nikampiga ya tumbo, akajikunja, nikampandishia goti, pua ikalia kama kijiti kikavu. Akanishika kwa mkanda akanibamiza kwenye tangi. Nikamuuma bega. Akaniachia ngumi ya jicho la kulia, nikaona nyota za mchana, jicho likafunga palepale kama mlango. Damu yake ilikuwa kwa shati langu mpaka kiunoni. Tukabingirishana tukaingia maabara kwa mlango wa nyuma, na muuguzi mmoja akatumwagia ndoo ya maji ndipo tukaachana. Nilishinda mimi. Hata yeye anajua.

Hapo kuna kitu nimekiruka. Nitarudi.

Mchana Mzee Athumani akaja nyuma na bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Akanitazama uso, akatikisa kichwa.

"Dada yako amepita. Amekuachia hii. Amesema ukimaliza usilambe bakuli ukalitoboa."

Ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bado ya moto, na kitunguu alivyojua napenda. Nikala upande mmoja wa mdomo, upande mwingine umevimba, nikicheka mwenyewe kwa pua ya Kilonzo. Sikuuliza dada yangu alikuwa akipita kwenda wapi.

Jumamosi nilipopanda kilimani nyumbani nilimsikia Mwende kabla sijafika. Pumzi ya namna ile niliijua. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta kwa sababu kulala hakuwezi, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayetwanga, midomo bluu, vidole bluu. Susu anampepea na sinia. Wewe ulikuwa mkekani, ulishikwa nayo pia, ulipiga chafya siku tatu ukataka maziwa. Susu hakukohoa hata kidogo. Alisema aliwahi kuugua kitu kama hicho akiwa msichana, na mwili wake naona ulikikumbuka. Nyumba moja, kidudu kimoja. Mmoja anacheza na kijiko, mmoja anapepea, mmoja anauawa na mwili wake mwenyewe.

"Umechelewa," akaniambia. Neno moja, pumzi mbili. "Jicho limefanya nini?"

"Nimegongwa na kifaru."

Akacheka, Ndinda. Kicheko kikamgeukia, akakohoa ile pinki ikatapakaa kifuani kwake na kwa mikono yangu.

Nikakimbia chini, mwendo wa saa moja nikaufanya nusu. Gari halikuwepo. Lilikuwa limekwenda Kibwezi na mama wa kujifungua. Lilirudi baada ya saa tatu. Kilonzo, pua imefungwa plasta, hakuzima hata injini. Nilipomwambia ni Mwende, hakuniuliza mara mbili. Aliendesha kile kilima mpaka mahali gari haliwezi, akaruka, akakimbia mbele yangu, yeye dereva mimi ndugu. Alifika wa kwanza. Ndiye aliyetoka nje akasimama mlangoni ili nisiingie kwa haraka.

Kwa hiyo unaona. Kilonzo hakukataa. Alikuja.

Kwa maziko watu walikuwa wamejaa hasira na hawakuwa na pa kuiweka. Makaburi mapya kila wiki. Mtu akauliza, nani alichelewesha gari? Walinitazama mimi. Nilikuwa na mdomo, mwanangu, mdomo wangu umekuwa na haraka siku zote. Nikasema, "Dereva ni Kilonzo. Tulipigana Alhamisi. Ana kinyongo."

Siku ya soko wakamkuta. Alikuwa ametoka kula kule hekaluni kwa Masingasinga wanakolisha watu bure, bado ana chapati mkononi. Walikuwa na rungu, mipini ya majembe, mmoja alikuwa na mnyororo wa baiskeli. Walianza miguuni. Nilisikia mfupa ukivunjika kupita kelele za watu, na mtu aliyekuwa na mnyororo hakuacha. Alijikunja, akafunika kichwa, vidole vikavunjwa juu ya kichwa chake. Chapati ilikuwa kwenye vumbi na watu wanaikanyaga. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilikwambia kwamba alimtukana mama yako pale chini, na ndiyo sababu nilimvunja taya.

Hakumtukana. Alikuwa akiniita mimi. "Musyoka! Musyoka, waambie habari ya maharagwe!"

Nilimpiga ili anyamaze. Nilimpiga kwa kisigino.

Mwaka ule nilipokuwa nikihesabu maharagwe ya watu nilifikiri nimeelewa ile hadithi ya mjane. Niliweza kumweleza mtu yeyote. Siku ile sokoni nilikuwa ndani ya vumbi lilelile, na mimi ndiye niliyefungua mlango. Sina la kukufundisha hapo. Nakueleza tu kwamba kujua kitu hakukunisaidia.

Kilonzo hakurudi kuendesha gari. Taya lilifungwa waya miezi, na lilipofunguliwa hakuna aliyemuuliza kitu. Miaka sita baadaye nilimpelekea gurudumu la baiskeli kwa sababu fundi mwingine alikuwa mgonjwa. Akaliziba bila kuniangalia.

"Yule msichana amefanana na Mwende," akasema.

"Ndiyo."

"Anasoma?"

"Anasoma. Wa kwanza darasani."

"Basi," akasema, akanirudishia gurudumu. Hilo la jiwe lilikuja baadaye, na wewe unajua alilipokeaje. Alikuambia una mkono mzuri.

Sasa narudi pale niliporuka.

Tulipobingirika ndani, mikebe yote minne iliangushwa. Punje zikatapakaa maabara nzima, mahindi, maharagwe, zimechanganyika na maji ya ndoo na damu ya pua. Nilikuwa nimefika sitini na kitu. Slaidi namba kumi na nne ilikuwa bado chini ya lenzi, haikuguswa. Mzee Athumani alikuwa bado dirishani mbele, foleni inasukumana, hakuacha kutoboa vidole. Kilonzo alipiga magoti na pua yake inavuja akaanza kuniokotea punje. Aliziokota moja moja, akizipangusa kwa shati.

"Si uhesabu tena kutoka mwanzo?" akaniuliza.

"Mpishi ni nani hapa, mimi ama wewe?" nikamwambia, nikavuta karatasi nikaandika. Mahindi sitini na mawili. Maharagwe thelathini. Mbaazi sita. Ndengu mbili. Inafika mia, ukijumlisha. Nilikuwa nimeandika karatasi nyingi nikajua namba za mtu mzima zinavyofanana. Kilonzo aliniona nikiandika. Daktari akaisoma, akampa mwenye namba kumi na nne dawa ya homa akamwambia aende nyumbani anywe maji. Alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alikuwa bado anacheka, alikuwa amebeba bakuli. Karatasi yake ya dawa yenye namba hiyo ilikuwa mkononi mwa Susu Jumamosi, na tuliiona sote wawili, mimi na Kilonzo.

Baada ya sokoni nilitafuta ile slaidi kwenye sanduku. Nikaihesabu. Nikaihesabu tena, na mara ya tatu. Maharagwe sita, mahindi mabichi kila mahali. Pengine mtungi ungemsaidia na pengine angekufa karibu nao, sijui, na usije ukaniandikia kwamba hakuna anayejua. Mzee Athumani alinikuta nimeinama juu ya lenzi, akaona namba kwenye kioo, akafungua kitabu, akaona namba nilizoandika.

"Siku ile jicho lako lilikuwa limefungwa," akasema. Alikuwa akinipa njia.

"Lilikuwa limefungwa, Mzee. Sikuweza kuona."

"Basi ni jicho," akasema, akafunga kitabu. Nami nimelishikilia hilo jicho miaka yote hii. Nimemwambia Mungu habari ya jicho. Wiki ile ile nikaacha kazi, nikaja kukulea.

Slaidi iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye pamba. Rangi imefifia lakini inasomeka. Ukishajua kazi, ihesabu, mia kamili. Usiniletee jibu. Kesho steji utamkuta Kilonzo ameketi na beseni lake la maji, na utakachofanya ni chako, sitasimama karibu.

Ila usiandike popote kwamba ni jicho. Lililofungwa lilikuwa la kulia. La kushoto lilikuwa zima, lilikuwa linaona vizuri kabisa, na kioo kilikuwa pale. Kuhesabu upya kungechukua dakika ishirini, na Kilonzo angenicheka.

Musyoka